Dawa ya Mkono na Dawa ya Pwani

Daktari alisema kuna njia mbili, na mume wangu akachagua kabla mimi sijamaliza kuielewa hata ile ya kwanza. Jambo hilo liliniudhi siku ile, na likiniingia kichwani linaniudhi mpaka leo, ingawa sasa najua kwa nini alikuwa na haraka.

Tulikuwa hospitali ya Kitete, mjini Tabora, kwenye chumba cha daktari. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na mimi nilikaa ukingoni mwa benchi kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mahindi yangu hayakuwa yamepandwa. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, mbele ya Itetemia, nyumba zimepangwa kando ya barabara na mashamba yamepangwa vivyo hivyo, kwa hiyo asiyepanda alionwa na kila aliyepita. Nilikuwa nawaza hilo shamba huku nawaza ini la mume wangu, na mawazo yote mawili hayakutaka kukaa kwenye benchi moja.

Ugonjwa ulikuwa umeanza kwa kuwashwa. Alijikuna mpaka ngozi ikatoka damu. Baadaye macho yakawa manjano, na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Kijijini wengine walisema homa ya manjano, wengine walisema ni asali, kwa sababu alikuwa mrina asali na watu walidhani anaila yote mwenyewe. Hospitalini walimpasua. Wakakuta uvimbe ndani kabisa ya ini, umeikumbatia ile mirija inayopitisha nyongo kama mzizi unavyokumbatia jiwe. Hauwezi kukatwa bila kumuua mtu. Walichoweza ni kuipa nyongo pa kupitia pembeni, manjano yakapungua, wakamshona. Kipande kidogo kilipelekwa Dar es Salaam kupimwa, jibu likarudi kwamba ni kansa. Wajukuu zangu wananisahihisha, wananiambia, bibi, sema saratani. Mimi nasema kama nilivyoambiwa.

Yule daktari alikuwa kijana wa Kihindi, mtoto wa muuza vitambaa wa pale pale mjini. Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora hasa, na alituamkia shikamoo kabla ya kumgusa mgonjwa. Alieleza taratibu. Njia ya kwanza ni mshipa wa mkono. Dawa ingeagizwa Dar, ingekuja kwa treni, na mume wangu angekwenda Kitete kila wiki achomwe sindano, kisha arudi kulala nyumbani kwake. Lakini dawa ikiingia mkononi inazunguka mwili mzima, na ini linapata fungu lake tu kama viungo vingine. Kwa hiyo mdomo ungetoka vidonda, angetapika, angeharisha, damu yake ingepungua nguvu. Na dawa yenyewe ikichelewa njiani, ni kungoja.

Njia ya pili ilifanywa Dar es Salaam tu. Huko wanachukua mpira mwembamba, wanaupitisha ndani ya mshipa mkubwa wa damu mpaka kwenye ule mshipa unaolilisha ini, na dawa ile ile inadondoka humo pole pole bila kukatika. Ini linapata dawa nyingi na mwili unasalimika kidogo. Lakini mgonjwa analala bila kugeuka ovyo, wiki baada ya wiki, na mpira unaweza kuteleza, unaweza kuziba, unaweza kuleta usaha au kuvujisha damu.

Nikamuuliza daktari ipi kati ya hizo inaponya.

"Hakuna, mama," akasema.

Nikamuuliza basi ipi inaongeza maisha. Alisema huenda zote mbili, huenda hakuna. Ugonjwa wa mirija hii si wa watu wengi, waliotibiwa ni wachache, na hata wakubwa zake walikuwa bado wanabishana. Akasema kwamba akinambia hii ni bora kuliko ile atakuwa ananidanganya, na yeye hakusomeshwa ili aje kunidanganya. Nilimheshimu kwa neno hilo, ingawa halikunisaidia.

Mume wangu alikuwa anapapasa mshono wa tumbo. Ndipo akasema, "Kumbe ni kama mzinga. Unaweza kuwasha moto ukafukiza mti mzima, au unaweza kupeleka moshi kwenye tundu."

Daktari alicheka kidogo, akasema ndivyo, ila huo mzinga umo ndani ya mtu.

"Mimi nafukiza tundu," mume wangu akasema. "Nakwenda pwani."

Nikamuuliza, "Na nyuki wakitoka watamuuma nani, baba watoto?"

Alikuwa ameshasimama anafunga vifungo vya shati.

Mimi nilitaka dawa ya mkono. Si kwa sababu niliijua. Nilitaka awe karibu. Ukoo wa mume wangu ulikuwa ukoo wa wapagazi. Babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka baharini, na mdogo wake huyo babu alibeba pia, lakini aliugua huko Ugogo wakati wa kurudi. Msafara haukuweza kumngoja. Walimwachia kibuyu cha maji na moto mdogo, wakaendelea. Hakuna aliyejua alipolala. Kila balaa lilipoingia katika ukoo ule, mtoto akifa au ng'ombe wakikauka maziwa, wazee walisema ni yule wa njiani analia, akachinjiwa kondoo. Nimepika mara nyingi nyama ya kondoo wa mtu asiye na kaburi. Sikutaka kuja kuipika kwa ajili ya mume wangu.

Nilimwambia hivyo tukiwa njiani kurudi. Akasema siku hizi kuna treni. Nikamwambia treni nayo inaweza kukupeleka huko ikakuacha. Akasema, "Mama watoto, umeshindwa kumsikiliza daktari? Ile inafika kwenye ini lenyewe." Hapo alinibana, maana ni kweli daktari alisema hivyo, nami sikuwa na elimu ya kumpinga. Wakati ule nilikuwa ndiyo kwanza nasoma herufi kwenye darasa la watu wazima.

Kaka yake mkubwa alikuja kutuaga siku ya kuondoka. Huyu shemeji yangu alikuwa amefanya kazi ya kukata mkonge Tanga wakati wa ujana wake, na kila aliposhika kibuyu cha pombe alirudia habari za bahari. Kwetu, zamani, mwanamume aliyekuwa hajafika pwani alihesabiwa mtoto hata akiwa na mvi. Misafara ilipokwisha watu wakaenda kwenye mkonge badala yake, lakini heshima ya kufika pwani ikabaki ile ile. Aliyefika pwani alipokea kibuyu kwanza. Mume wangu hakwenda. Baba yao alikufa mapema, ikabidi mmoja abaki na mama na mizinga. Basi miaka yote kibuyu kilimpita, kikaenda kwa kaka yake, kikarudi kwake pamoja na vijana waliokuwa hawajaoa. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu na sikulitia maanani. Niliona ni upuuzi wa wanaume na pombe yao.

Shemeji akamwambia pale stesheni, "Sasa unakwenda kubatizwa, mdogo wangu." Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nafunga matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, nikafunga fundo la nguvu kuliko lililohitajika.

Ndani ya treni sikulala wala sikukaa. Nilisimama kwenye mlango wa behewa, nikarudi, nikamgusa paji la uso, nikarudi mlangoni. Yeye alikaa dirishani kama mtoto. Tulipoingia Ugogo, nchi ikawa nyekundu na kavu, akanishika mkono akanionesha kwa kidole. Akasema hapa ndipo walipokuwa wanavuka bila maji, wakitembea bila kupumzika. Alizijua habari zote za njia ile kutoka kwa babu yake: wapi walilipa hongo kwa machifu ili wapite, wapi walinunua mtama, wapi palikuwa na simba. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Nikadhani ni homa.

Hospitali ya Dar ilikuwa kubwa na ina joto la kunata. Mimi nilifikia kwa mtoto wa dada yangu aliyekuwa akifanya kazi bandarini, nikawa nakwenda wodini kila walipofungua mlango na kutoka walipotufukuza. Walimwekea mpira. Ulipita kwenye mkono, juu karibu na kwapa, ukashuka ndani mpaka walipotaka, wakaupiga picha, wakasema umekaa. Chupa ya dawa ikatundikwa. Akaambiwa alale chali, asiinue mkono ule.

Siku iliyofuata aliingia mhudumu wa wodi, mama wa Kizaramo, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuwa anapiga deki. Akasimama mbele ya kitanda akamtazama mume wangu miguuni.

"Huyu ni Mnyamwezi," akasema.

Nikamjibu ndiyo.

"Nilijua. Miguu imepasuka kama ya punda. Babu yako alitubebea pembe mpaka hapa, tukamnywesha maji. Wewe umetubebea nini? Ini bovu?"

Mume wangu alifungua macho. Sikuwa nimemwona akicheka tangu tupande treni. "Nimeleta mzigo niliopewa," akasema. "Nionyeshe pa kuutua. Na hayo maji uyalete upesi, ingawa najua Mzaramo akitumwa maji anakwenda kulala chini ya mnazi."

Wodi nzima ilicheka. Hao ni watani, Wanyamwezi na Wazaramo, tangu misafara, na mtani hakasirikiwi. Kwetu mtani anaweza kukuambia usoni jambo ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu. Nalijua hilo. Lakini yule mama alipoendelea akasema, "Akifa huyu tunamzika hapa hapa, mnazi wangu upate mbolea, na wewe mwenzangu rudi Tabora ukalime," wote wakacheka tena, mimi nikatoka nje. Nilitembea kwenye ukumbi kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule. Nesi mmoja akaniuliza nimepotea? Nikamwambia sijapotea, natembea.

Dawa ilidondoka. Mwanzoni nilifikiri mume wangu alichagua vizuri. Mdomo haukutoka vidonda, alikula uji, alitukanana na mtani wake kila asubuhi. Nilianza kusema moyoni labda mimi ndiye mjinga. Kisha tumbo likaanza kumuuma, juu, chini ya mbavu, mpaka akakunja miguu. Homa ikapanda. Wakampiga picha tena, wakakuta mpira umeteleza umetoka kwenye mshipa wa ini, na dawa ile kali ilikuwa inaingia kwenye mshipa wa tumbo. Nyuki walikuwa wamemuuma yeye. Wakauchomoa.

Daktari wa pale, mtu mzima mwenye miwani, alituita faragha, yaani alivuta pazia. Akasema homa ikishuka wanaweza kuuweka tena na kuanza upya. Au tunaweza kurudi Tabora, yule kijana wa Kitete akamwanzishia sindano za mkono. Hakuficha kwamba mgonjwa alikuwa amedhoofika, na kwamba akidhoofika zaidi safari ya treni haitawezekana. Akasema tujadiliane.

Hatukujadiliana. Mume wangu alisema, "Waurudishe."

Nikamwambia hawataurudisha. Nikamwambia umeona ulivyofanya. Akasema bahati mbaya ya mara moja si sababu. Nikamwambia sikuja hapa kukabidhi maiti kwa watu wenye minazi. Akasema ini ni lake. Tuliongea kwa sauti ya chini, meno yamebana, kwa Kinyamwezi, ili watu wasisikie, lakini watu husikia ugomvi kwa lugha yoyote. Mtani alikuwa anapiga deki chini ya kitanda cha jirani. Akaegemeza fimbo ya deki ukutani, akaja.

"Mtani," akamwambia mume wangu, na safari hii hakupaza sauti. "Bahari umeiona?"

Mume wangu alivuta shuka kifuani.

"Nakuuliza. Tangu uje umeiona?"

"Naisikia. Upepo ukija naisikia harufu."

"Harufu hata papa mkavu wa sokoni Tabora anayo. Basi hujafika pwani. Umefika kitandani. Wewe hung'ang'anii mpira, unang'ang'ania kufika. Ukifa humu nitawaambia wenzako Mnyamwezi wenu alifia njiani."

Hakuna mtu wa ukoo wake ambaye angelitamka neno hilo, alifia njiani, mbele ya mgonjwa. Mume wangu aligeuza uso ukutani. Mabega yalitikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu kumbe analia kweli. Akasema, bado anatazama ukuta, kwamba akirudi bila kuiona kibuyu kitaendelea kumpita na kwenda kwa kaka yake, hata kwenye matanga yake mwenyewe.

Nimezaa na mtu yule, nimelima naye, nimehamishwa naye kutoka kijiji cha wazazi wake mpaka barabarani, na sikujua. Nilidhani tunapima dawa mbili. Mimi nilikuwa napima nyumbani na ugenini. Yeye alikuwa anapima utoto na utu uzima, na dawa alikuwa ameivaa juu kama kanzu.

Nikamuuliza, "Ukiiona, utarudi nyumbani?"

"Nitarudi."

"Utachomwa mkononi kama daktari alivyosema?"

"Nitachomwa popote mtakapo."

Homa iliposhuka mtani aliomba ruhusa kwa sista wa wodi, sijui alisema nini, akaja na kiti cha magurudumu. Ilikuwa asubuhi. Tulimsukuma mpaka mchanga ulipoyashika magurudumu. Bahari yenyewe ilikuwa imejaa, ya rangi ya majivu, na watu wawili walikuwa wanaosha vyungu pembeni. Mume wangu akasema simameni. Akaomba furushi lake, blanketi na shati la akiba nilivyovifunga kwa ajili ya safari. Nikamwambia acha ujinga. Mtani akanikonyeza ninyamaze. Mume wangu akalitia furushi begani, mimi nikamshika kiunoni, mtani akamshika kwapa upande ule mwingine usio na kidonda, na tukatembea hivyo watatu mpaka maji yakamfika kwenye vifundo. Akalitua furushi. Likalowa, bila shaka, na mimi ndiye niliyelikamua baadaye. Akainama kwa shida, akachota maji kiganjani, akaonja.

"Chumvi," akasema. Akatema. "Twende nyumbani."

Mtani alimwambia aseme asante kwa wenye bahari. Mume wangu akamwambia bahari kubwa hivi wameshindwa hata kuiweka sukari. Waliagana hivyo. Mimi niliagana naye kwa mkono, nikampa matobolwa yaliyobaki.

Alifika. Naliandika neno hilo peke yake kwa sababu ndilo nililolitaka: afike nyumbani, asiachwe njiani. Kwenye treni nilikaa chini, mara ya kwanza, nikalala usingizi mpaka nikapitwa na Dodoma.

Sindano za mkono zilikuwa mbaya kama daktari kijana alivyosema. Kila wiki tulikwenda Kitete kwa gari la kijiji likiwepo, kwa baiskeli ya kusukumwa lisipokuwepo. Vidonda vilimjaa mdomoni, nikawa namlisha uji uliopoa kwa kijiko cha mtoto. Wiki ambayo dawa haikuja na treni alikula ugali, na wiki ambayo ilikuja alitapika. Kuna kipindi kuwashwa kulipungua na akanenepa mashavuni kidogo, na kuna kipindi vyote vikarudi. Sikuweza kukaa kitako wakati anachomwa. Nilitoka nikazunguka jengo. Daktari alinambia siku moja kwamba sijui kungoja, nikamwambia najua, nangoja kwa miguu.

Siku moja kati ya hizo za nafuu, shemeji alikuja na wenzake na pombe ya mtama. Waliketi uani. Kibuyu kilipofunguliwa shemeji alikishika, akakitazama, akasimama, akampelekea mdogo wake kwanza. Safari hii hakutaja Tanga wala mkonge. Mume wangu hakuweza kunywa kwa vile vidonda. Alikigusisha midomoni tu, akakishika mapajani muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, watu wakangoja na kiu yao. Kisha akaanza kuwaeleza bahari. Alisema ina mawimbi yanayopita paa la shule. Alisema aliogelea. Kaka yake alimwacha aseme. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli, nami nikamwacha.

Mjukuu wangu mmoja ni nesi. Ananiambia sasa wanachanganya dawa mbili au zaidi pamoja mkononi, na ile ya mpira bado ipo, wameitengeneza vizuri kuliko enzi zetu, na bado wanabishana. Aliniuliza kwa yale niliyoyaona ipi ilikuwa bora. Nilimjibu kwamba mimi niliona mtu mmoja tu, na mtu mmoja si kipimo. Akacheka, akasema ndivyo hata walimu wake wanavyosema. Nikamwambia ila akimkuta mgonjwa anachagua upesi mno, amuulize anakwenda wapi.

Mume wangu alikufa wakati wa kiangazi, kabla ya kurina asali, kwenye kitanda chake cha kamba, mimi nikiwa nimetoka nje kwa muda mfupi kuzunguka nyumba. Tulimzika nyuma ya shamba la mahindi, yale niliyoyapanda kwa kuchelewa na yakatoka mafupi. Kaburi lake nalijua. Majani yakiota nachukua jembe, naenda kulipalilia.